Kufundisha wafanyakazi staha kazini: kabla hujawaita wa chini ukumbini, anza na wakubwa

#1 Zamu ya Usiku (mleta uzi)

Habari za wakati huu wanajamvi.

Nimefanya uuguzi miaka kumi na moja, minne ya mwisho nikiwa inchaji wa wodi. Siku hizi nipo idara ya utumishi, hospitali binafsi, na kazi yangu kubwa ni mafunzo ya wafanyakazi. Ombi ninaloletewa kuliko yote ni hili: "Tuandalie semina, watu wetu hawana kauli nzuri." Anayeomba siku zote ni mkubwa, na hao "watu wetu" ni walio chini yake: mapokezi, keshia, wauguzi, walinzi, watu wa usafi. Hajawahi kuja mtu akaniambia, "Tuandalie semina, sisi wakuu wa idara hatuna kauli nzuri."

Naomba tulizungumze hilo kwa kirefu, maana naamini fedha nyingi za mafunzo zinapotelea hapo.

Miaka ya nyuma niliendesha semina ya siku nzima kwa taasisi moja. Ukumbi wa kukodi, watu kama arobaini, kila mtu na kitini chake. Saa tatu mkuu wao akafungua kwa hotuba nzuri ya utu na kuthaminiana. Saa nne na nusu tukaenda chai. Dada wa usafi wa ofisini kwao, aliyeletwa kusaidia kugawa vikombe, akamwaga chai kidogo kwenye kitambaa cha meza kuu. Mkuu akamgeukia: "Wewe mtoto una matatizo gani? Kila siku wewe tu." Wala hakupaza sauti. Yule dada akafungua khanga aliyojifunga kiunoni akaanza kufuta. Alifuta palepale, mara ya pili, ya tatu, ya nne, pameshakauka bado anafuta, kwa sababu hakujua aondokeje pale. Watu arobaini wote walikuwa wanatazama vikombe vyao.

Baada ya chai somo langu lilikuwa "Kusikiliza". Nilifundisha saa nzima nikijua kabisa kwamba somo la siku ile limeshafundishwa na kila mtu amelielewa.

Lugha yetu inatuonyesha pa kushika. Kazini tukisema heshima, mara nyingi tunasema ile inayopanda. Shikamoo inapanda, marahaba inashuka. Kusimama bosi akiingia, kutomkatiza, kumtanguliza mlangoni, yote yanapanda. Sina ugomvi nayo, nimelelewa hivyo na wanangu nawalea hivyo. Staha ni jambo jingine. Staha ni kumsitiri mwenzako utu wake hata kama ni mdogo wako, hata kama amekosea, hata kama wewe ndiye unayemwandikia barua ya onyo. Mama anayesubiri wageni waondoke ndipo amkanye mwanawe, huyo amemwekea mtoto staha. Na wala kosa halijasamehewa, viboko pengine viko palepale! Taasisi zetu nyingi zina heshima tele, staha hazina.

Mtu atauliza kwa nini hili liwe la mafunzo, si kila mmoja alilelewa kwao? Niseme lililonikuta.

Nikiwa bado mgeni kazini, daktari mmoja aliniambia kwenye raundi ya asubuhi, mbele ya wagonjwa na wanafunzi wa fildi, "Hivi wewe chuo uliingia kwa mlango gani?" Kosa langu lilikuwa kuuliza swali. Mchana uleule nikakuta kwenye faili la mtoto ameandika dozi ambayo nukta yake haionekani sawasawa. Ni 0.5 au ni 5? Nikalichukua faili hadi nje ya chumba chake. Mlango wazi, namwona anaandika. Nikarudi wodini. Nikaenda tena, nikarudi tena. Sindano ipo kwenye trei, mama wa mtoto ananitazama. Nilichokuwa nakipima moyoni dakika zile ni kama nitaweza kulivumilia neno lile mara ya pili. Inchaji wangu akapita, akauliza unangoja nini, akalichukua faili akaingia mwenyewe. Ilikuwa 0.5.

Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa Israel, nilipousoma nilijiona humo ndani. Timu 24 za wodi za watoto wachanga, kila timu daktari mmoja na wauguzi wawili, zilipewa zoezi la kumhudumia mtoto njiti wa mfano ambaye hali yake inabadilika ghafla. Kwa baadhi ya timu, mgeni aliyetambulishwa kama mtaalamu kutoka nje aliwatupia maneno mawili matatu ya dharau, tena hayahusu hata kazi waliyokuwa wanaifanya. Hakutukana mtu. Timu hizo zikafanya vibaya zaidi katika kutambua tatizo na katika kazi ya mikono yenyewe, na kilichoonekana kuchangia ni kwamba watu walipungua kupeana taarifa na kuombana msaada. Yaani ni mimi na faili langu koridoni.

Na hapa nyumbani tunao mfano mzuri kuliko huo. Mkoani Tanga, wilaya za Korogwe na Muheza, kulikuwa na mradi ulioitwa hivyohivyo, Staha, wa Taasisi ya Afya Ifakara na Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani, kuhusu namna akina mama wanavyotendewa wakati wa kujifungua. Walianza kwa kuuliza. Akina mama waliohojiwa wakiwa wanaruhusiwa kutoka, kama 19 kwa kila 100 walisema wamevunjiwa heshima au kutendewa vibaya kwa namna moja au nyingine. Waliohojiwa wiki kadhaa baadaye, wakiwa makwao, walifika 28 kwa kila 100. (Lishikeni hilo, nitalirudia.)

Halafu badala ya kuwapanga wakunga ukumbini na kuwahubiria, jamii na watumishi walikaa wakauandika upya mkataba wa huduma kwa mteja, ule ambao kwingi unaning'inia ukutani hausomwi, na wakaweka wajibu wa pande zote mbili, wa mtumishi na wa mgonjwa. Kisha watumishi wenyewe wakatafuta kinachozaa maudhi pale kwao. Wakafunga mapazia ya kumsitiri mama. Mapokezi wakayahamishia chumba chenye faragha. Dawa zilizokwisha zikawa zinabandikwa kila siku ili watu wajue. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2017 ilionyesha uwezekano wa mama kutendewa vibaya umeshuka kwa asilimia 66 ukilinganisha na upande ambao haukuwa na mradi. Hebu fikirieni, karatasi ubaoni inayosema dawa fulani imeisha ni mafunzo ya staha, kwa sababu imeondoa ugomvi wa "mmezificha" kabla haujaanza.

Tangu hapo nimebadili utaratibu. Naanza na wakuu wa idara peke yao, na mkuu wa taasisi anakaa mwanzo hadi mwisho, siyo anafungua halafu ana kikao kingine. Asipokubali, siendi. Baada yao nachukua idara moja moja, palepale wanapofanyia kazi, nusu saa kwa wiki, kwa miezi sita. Wazo hili nimelitoa kwenye mpango wa kujenga ustaarabu kazini uitwao CREW, ulioanza mwaka 2005 kwenye hospitali za askari wastaafu Marekani na baadaye ukapimwa kwenye hospitali za Kanada. Kila idara inaamua yenyewe staha kwao ni nini.

Swali langu la kwanza huwa hili: "Mtu akikuwekea staha hapa kwenu, unaiona kwa lipi?" Majibu niliyoyapata, na haya ndiyo mtaala wangu: "Aniite jina, asiniite wewe wa usafi." "Akija kuchukua faili, asalimie kwanza ndipo aseme shida yake." "Akinisahihisha, tusogee pembeni, mgonjwa asisikie." Mlinzi mmoja alisema, "Wakipita getini na gari washushe kioo. Mimi nawafungulia geti kila siku, sijui sura zao."

Nakaribisha michango, hasa ya wanaosimamia watu. Naomba kuwasilisha.

#2 Keshia wa Dirisha la Tatu

Mleta uzi ubarikiwe. Hapo kwenye kitambaa cha meza nimesimama nikavuta pumzi.

Kwetu tumepewa mafunzo ya huduma kwa mteja mara tatu. Tunafundishwa tabasamu, jinsi ya kupokea simu, jinsi ya kumtuliza mteja mwenye hasira. Jioni hesabu ikipelea, meneja anaingia kwenye grupu la WhatsApp la tawi, saa nne usiku, watu wote wamo hadi walinzi: "Fulani leo umeniletea upungufu tena, sijui una mambo gani." Mume wangu alishawahi kuisoma kabla yangu, simu ilikuwa mezani. Kesho yake ilibainika mwenzangu alikosea kuandika, upungufu haukuwepo. Kwenye grupu hakuandika kitu. Aliniambia ofisini, mlango umefungwa, "basi yaishe."

Naomba kuuliza, haya ya kwenye grupu nayo yamo kwenye hayo mafunzo?

#3 Mzee wa Karakana

Binti, nimesoma yote, na ninakuheshimu kwa uzoefu wako. Lakini mimi ninaongoza karakana ya magari mwaka wa ishirini na mbili sasa. Kazi ya chuma haina tafadhali. Kijana akiweka mkono chini ya gari iliyonyanyuliwa kwa jeki bila kuweka stendi, nitapiga kelele mtaa mzima usikie. Nikimvuta pembeni nimwambie kwa staha nitakuwa namwambia maiti.

Halafu vijana wa leo ukiwabembeleza wanakupanda kichwani. Mimi nilifundishwa kwa makofi, na ufundi ninao. Naona mnataka kutuletea ulaini kazini.

#4 Zamu ya Usiku

Mzee wangu, shikamoo. Nashukuru umesema waziwazi, kwa sababu hili ndilo swali ninaloulizwa kila mahali na wengine wanaliuliza kwa kunong'ona.

Ukali na dharau ni vitu viwili. Ukipiga kelele "Toka chini ya gari!" hiyo ni kelele ya kuokoa mkono, na kijana mwenyewe atakushukuru. Hata wodini, mgonjwa akiwa anazama, hakuna anayesema naomba. Tunasema "Leta oksijeni! Sasa hivi!" Hakuna aliyewahi kuja kunilalamikia kelele hizo. Kinacholetwa kwangu ni maneno yanayofuata baada ya hatari kupita: "Mjinga wewe, ndiyo maana shule ilikushinda." Kelele ya kwanza ilikuwa inamfukuza hatarini. Ile ya pili inamfukuza mtu kwako, na siku atakapoharibu kitu hutakuwa wa kwanza kujua. Naomba nikuulize mzee wangu: katika miaka yote hiyo, ni mara ngapi fundi wako alivunja kitu akaja mwenyewe kukwambia?

Dada Keshia, ndiyo, yamo. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, ule wa kuzuia ukatili na unyanyasaji kazini, uliopitishwa Juni 2019 na kuanza kutumika Juni 2021, unahesabu na mawasiliano ya kazi yanayopita kwenye simu na mitandao. Unawalinda pia wanaojitolea, wanafunzi wa fildi, hata anayekuja kuomba kazi. Na unasema waziwazi kwamba tukio moja linaweza kutosha, si lazima lijirudie.

Kwenye vikao vyangu na wakuu wa idara kanuni ya grupu huwa inachukua dakika kumi tu na wote wanaafiki: sifa ziende kwenye grupu, makosa yaende kwa mwenyewe, na baada ya saa kumi na mbili jioni grupu linyamaze isipokuwa kuna dharura. Linalowachukua muda ni lile la pili ulilolisema, kwamba kosa lilitangazwa mbele ya watu na radhi ikaombwa mlango umefungwa. Radhi inatakiwa ifike kila mahali palipofika lile neno. Kama watu thelathini walisoma, thelathini wasome. Wakuu wengi wanaona kufanya hivyo kutawashushia hadhi. Nimeona mara chache likifanyika, na sijaona hata mmoja aliyeshuka.

#5 Mwambao

Hamjambo ndugu zangu. Mimi niko Mombasa, nimefanya kazi za hoteli tangu nitoke chuoni.

Huku kwetu Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 6, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi ya kuzuia udhalilishaji wa kijinsia, tena awaeleze wafanyakazi wake. Basi mafunzo yetu yakawa ni kusomewa hiyo sera, unatia sahihi, karatasi inaingia kwenye faili. Nimetia sahihi katika hoteli nne. Sijawahi kuulizwa hata mara moja nimeona nini.

Lakini nataka kuongeza la wageni. Wenzetu wa vyumbani na wa mkahawani wanadhalilishwa na wateja, na mafunzo yanawaambia mteja ni mfalme, meza tu. Kuna binti wa housekeeping alikuwa akiingia ghorofa moja anatetemeka kwa sababu ya mgeni mmoja aliyekuwa anamfungulia mlango akiwa nusu uchi. Alimwambia msimamizi. Akaambiwa, "Mgeni anaondoka Jumapili, vumilia." Sisi wenzake tukajipanga wenyewe, hakuingia pale tena, alikuwa akienda kaka wa lifti. Ni sisi tuliofanya hivyo, siyo usimamizi, na wala hakuna semina iliyotufundisha.

#6 Zamu ya Usiku

Ndugu Mwambao, mlichokifanya nyinyi ndicho ninachohangaika kukifundisha. Mwaka 2016 jopo la tume ya Marekani inayosimamia usawa katika ajira lilitoa ripoti ikakiri kwamba mafunzo mengi ya kuzuia unyanyasaji ya miaka 30 iliyotangulia yalielemea mno kumkinga mwajiri asishtakiwe, na ikapendekeza yajaribiwe mafunzo ya namna mbili: ya ustaarabu kazini, na ya kumwezesha shahidi, yule aliyekuwepo, afanye jambo. Karatasi zako nne za sahihi ni za ule mtindo wa zamani.

Shahidi si lazima agombane. Nawarudisha kwa yule dada wa khanga. Huwa nawapa igizo dhima la tukio lile bila kutaja wapi lilitokea, nawauliza, wewe uko kwenye kiti cha tatu, ungefanya nini? Mwanzo kila mtu anasema, "Kwa bosi? Hakuna." Tunakaa nalo. Kisha linakuja moja: ningesimama nikamwambia dada, nipe hicho nikusaidie, kisha nikatoka naye nje. Basi. Hujamgusa bosi, hujamjibu, ila yule dada hafuti meza kavu peke yake. Mwingine husema angemfuata bosi baadaye akiwa peke yake amwambie, "Mheshimiwa, lile la asubuhi limetuumiza." Hilo nalo lipo, kwa aliye karibu naye. Mimi mwenyewe siku ile nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale na sikufanya lolote. Nafundisha hili kwa sababu hiyo.

La wateja umesema kweli tupu. Mkataba wa huduma usiokuwa na wajibu wa mteja unamwacha mfanyakazi uchi. Kwetu tumebandika mapokezi kwa maandishi makubwa: tutakuhudumia kwa staha, nasi tunaomba staha. Na msimamizi akiitwa, anakuja kusimama upande wa mtumishi kwanza, ndipo amsikilize mteja.

#7 Mtumishi wa Halmashauri

Nichangie kidogo. Sisi utumishi wa umma tuna Kanuni za Maadili za 2005, misingi minane: kutoa huduma bora, utii kwa serikali, bidii ya kazi, kutoa huduma bila upendeleo, uadilifu, kuwajibika kwa umma, kuheshimu sheria na matumizi sahihi ya taarifa. Nilisomewa kwenye mafunzo elekezi nilipoajiriwa, nusu siku, tulikuwa wengi na bango kitita halisomeki kutoka nyuma. Misingi ni mizuri sana. Ila mtu unaikuta tena siku unapofunguliwa shauri la nidhamu, ndiyo mara ya pili unaisoma.

Hiyo ya nusu saa kwa wiki idarani naiona ingetufaa zaidi. Swali langu: posho?

#8 Zamu ya Usiku

Hakuna posho, na hakuna ukumbi. Ni ndani ya saa za kazi, wakati wa kukabidhiana zamu, watu wamesimama au wamekaa kwenye mabenchi yao. Wiki mbili za kwanza watalalamika, niseme ukweli. Wakiona jambo walilolisema limefanyiwa kazi, hata dogo, wanatulia.

#9 Nimechoka Kimya

Wakuu naombeni msaada. Nafanya kazi kampuni binafsi Dar, mwaka wa tatu. Tangu nipate ujauzito msimamizi wangu ananisema mbele ya wenzangu kila siku, eti nimekuja kuzalia ofisini, eti yeye hakuajiri wawili. Wamenihamishia meza karibu na mlango wa stoo. Nalia chooni. Nataka kesho niandike barua ya kuacha kazi niondokane na haya. Nakosea?

#10 Meza ya Usuluhishi

Dada, pole sana. Kesho usiandike hiyo barua. Ngoja kwanza.

Nimefanya kazi za mashauri ya ajira kwa muda mrefu, nikueleze kwa lugha nyepesi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini, na ujauzito umetajwa kwa jina kati ya mambo ambayo mtu asibaguliwe kwayo. Kifungu hichohicho kinahesabu unyanyasaji unaotokana na mambo hayo kuwa ni ubaguzi. Hayo maneno ya "kuzalia ofisini" si utani wa ofisini.

Pili, kifungu cha 36 kinatambua kwamba mwajiri akifanya kazi isivumilike hadi mtu akaacha, hiyo nayo inaweza kuhesabiwa kuwa ameachishwa. Lakini wewe ndiye utakayetakiwa kuonyesha kwamba hali ilikuwa haivumiliki na kwamba ulijaribu njia za ndani. Ukiandika barua ya mistari miwili ya "naacha kazi kwa sababu binafsi", umejifungia mlango mwenyewe.

Kwa hiyo leo chukua daftari. Andika tarehe, saa, maneno yenyewe kama alivyoyasema, na nani alikuwepo. Kisha peleka malalamiko ya maandishi kwa utumishi au kwa mkuu wa msimamizi wako, nakala moja igongwe muhuri au utume kwa barua pepe ili ibaki kumbukumbu. Kama kuna chama cha wafanyakazi, mhusishe kiongozi wa tawi. Wasiposhughulika, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndiyo mahali pake, unajaza fomu namba 1. Muda ni mfupi: shauri la kuachishwa kazi ni siku 30 tangu kuachishwa, migogoro mingine siku 60 tangu ilipotokea. Watu wengi wenye haki wamepoteza kwa sababu walikaa nyumbani wakilia miezi mitatu ndipo wakaja.

Ukiweza nenda na mwenzio, mumeo au dada yako. Usiende peke yako ukiwa katika hali hiyo.

#11 Zamu ya Usiku

Nimechoka Kimya, fanya kama ulivyoelekezwa hapo juu. Na kliniki usikose, presha ya mama mjamzito si ya kuchezea, mwambie mkunga wako ukweli wa yanayokukuta kazini. Niandikie faragha ukitaka nikusaidie kuandika hayo malalamiko.

Wengine, mnaona hapa. Kampuni hii pengine ina kitini cha maadili. Wenzake wanaosikia "sikuajiri wawili" kila siku pengine wamehudhuria semina. Ndiyo maana nasema kipimo cha mafunzo kisiwe ile fomu ya mwisho wa siku, ile ya "umeridhika kiasi gani", watu wanajaza wakiwa na mkoba begani na mwezeshaji anawatazama. Wale akina mama wa Tanga getini walikuwa 19, nyumbani wakawa 28. Mtu anasema zaidi akiwa mbali na anayemwogopa. Mimi sasa nauliza baada ya miezi mitatu, bila jina, kwa maswali matatu tu: mwezi huu kuna aliyekusema mbele ya watu? Kuna jambo la kazi uliloliona likakutia wasiwasi ukanyamaza? Ulinyamaza kwa sababu ya nani, wa juu, wa chini au mwenzako? Swali la pili ndilo linaloniambia kama idara imepona au bado.

#12 Mzee wa Karakana

Marahaba binti yangu. Nilikaa kimya siku mbili kwa sababu ya swali lako.

Jibu ni kwamba hakuna. Hakuna aliyewahi kuja kuniambia. Yote nimeyagundua mwenyewe au nimeambiwa na mteja. Mwaka jana tulifunga injini ya lori, ikarudi baada ya wiki inavuja. Kufungua, nikakuta tepu, kile chombo cha kukatia nyuzi, imevunjikia ndani ya tundu moja la boliti kwenye bloku. Kijana aliivunja wakati anasafisha nyuzi, akajaza grisi juu, akafunga boliti fupi, akanyamaza. Kutoa tepu iliyovunjika ukiambiwa palepale ni kazi ya saa moja hivi. Mimi ilinigharimu gasketi mpya, oili, siku mbili na mteja. Nilimtukana mpaka majirani wakaja. Sasa nakaa najiuliza, angeniambia siku ile, ningefanya nini? Ningemtukana vilevile. Yeye alilijua hilo kabla yangu.

Nieleze mtu kama mimi anaanzaje. Sitaki semina. Nina vijana saba.

#13 Zamu ya Usiku

Mzee wangu, umeshaanza.

Chagua siku moja, asubuhi kabla hamjafungua geti. Kaeni kwenye ndoo, kwenye matairi, popote. Wewe usikae juu yao. Waambie hilo la tepu kama ulivyotuambia hapa, pamoja na jibu ulilojipa, kwamba ungemtukana. Kisha waulize lile swali: mtu akikuwekea staha hapa karakana unaiona kwa lipi? Halafu nyamaza. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kimya kinawatisha wanaanza kujibu wenyewe. Hesabu moyoni hadi sitini. Wakisema jambo usijitetee, sema nimesikia, uliandike. Na chagua moja ambalo lipo ndani ya uwezo wako ulitekeleze kabla ya wiki kwisha.

#14 Keshia wa Dirisha la Tatu

Mzee utupe mrejesho tafadhali. Nimemtumia meneja wangu kiungo cha uzi huu. Sijajua ataonaje.

#15 Mzee wa Karakana

Mrejesho. Tumekaa leo saa moja na nusu.

Kimya kilikuwa kirefu, nusura niondoke. Wawili hawakusema kitu hadi mwisho. Mmoja akasema jioni wao wananawa mikono kwa dizeli wakati choo cha ofisini kina sabuni, na ufunguo nakaa nao mimi. Kweli, ufunguo nakaa nao mimi.

Kisha akasema yule wa tepu. Akasema, "Fundi, mimi ungeniita jina." Yuko kwangu mwaka wa pili, namwita Dogo, na wateja wote wanamwita Dogo. Nikamuuliza jina lake ni nani, maana kwa kweli nilikuwa nalijua la kwanza tu. Akalitaja lote, la kwake, la baba na la ukoo. Nimeliandika kwa chaki kwenye mlango wa kabati lake la spana, wenzake nao wakataka, sasa makabati yote saba yana majina.

Sabuni nimenunua katoni. Ufunguo wa choo nimeupigilia msumari ukutani, unaning'inia pale kila mtu anauona. Mchana kijana mwingine, si yule, akaja akasema amelegeza nati ya breki kwenye pikapu nyeupe na hana uhakika kama ameirudishia. Tumeenda tukaangalia pamoja. Alikuwa hajairudishia.

Jumatano ijayo tunakaa tena.